Kumbeba Kichanga Kunafundishwa

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wazazi na walezi waliokusanyika kwenye uwanja wa kituo chetu cha afya. Wengi waliokosa walikuwa kazini, na baadhi ya akina mama walikuwa bado wako ndani ya arobaini. Naiweka hapa yote kwa ajili yao.

Shikamooni wazee wangu. Shikamooni bibi zangu mliokaa hapo mbele. Akina mama, hongereni kwa kujifungua salama. Akina baba, karibuni sana, na ninyi mliosimama kule nyuma karibu na geti, sogeeni. Haya ya leo yanawahusu ninyi kama yanavyowahusu wake zenu.

Nina swali. Nani alikufundisha kumbeba mtoto mchanga? Mama, wewe ulifundishwa na nani? Na wewe baba? Naona mnatazamana. Wengi wetu tulijikuta tumekabidhiwa mtoto wa siku mbili, amefungwa kwenye khanga, watu wanasema "haya, mpokee mwanao", na masomo yakaanzia hapo na kuishia hapo. Kliniki tunafundisha kunyonyesha. Tunafundisha chanjo, tunafundisha chandarua. Lakini kushika, ambako mtoto anafanyiwa tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, tunadhani kila mtu anakujua tu. Hakuna anayezaliwa anakujua. Kumbeba kichanga kunafundishwa, na anayepaswa kufundishwa si mama peke yake. Ni baba. Ni bibi. Ni shangazi aliyekuja kutazama mzazi. Ni dada wa kazi. Ni yule mtoto wa miaka 9 ambaye mchana ndiye anayeachiwa mdogo wake.

Tuanze na shingo.

Kichwa cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya nane ya urefu wake. Kichwa cha kichanga ni robo ya urefu wake. Robo nzima! Na kichwa hicho kimekaa juu ya shingo ambayo misuli yake haijapata nguvu. Mtoto huanza kukimudu kichwa akiwa na miezi 3 hivi, na wengi hukaza shingo sawasawa kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Kabla ya hapo anategemea kiganja cha aliyembeba. Kiganja kisipokuwepo, kichwa kinaanguka nyuma, au kidevu kinashuka kifuani.

Kichwa kikianguka nyuma kila mtu anaona na kupiga kelele. Kidevu kikishuka kifuani hakuna anayeona. Mtoto anaonekana ametulia, amelala vizuri, na mgeni anasema mtoto wenu mpole. Ndugu zangu, njia ya hewa ya kichanga ni nyembamba na laini. Kidevu kikibanwa kifuani, njia ile inajikunja, na mtoto aliyekosa hewa halii. Atalia kwa hewa gani? Kwa hiyo, umembeba mkononi, umempakata, umemfunga kwa mbeleko, umemkalisha kwenye kiti cha mtoto, jaribu hivi: ingiza vidole viwili kati ya kidevu chake na kifua chake. Vikiingia, endelea. Visipoingia, mrekebishe sasa hivi, usingoje amalize usingizi.

Niwape habari ya baba mmoja. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja kliniki na mkewe, mtoto ana wiki 6, wamekuja kwa chanjo. Nikamuuliza kama amewahi kumbeba mwanawe. Akasema, "Sista, hapana. Naogopa nitamvunja." Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Wiki zote zile alikuwa anaamka mwenyewe usiku, anajivuta na kidonda chake, anainama kumtoa mtoto kitandani, na mumewe yuko macho pembeni anataka kusaidia, hajui aanzie wapi. Mnaliona jambo hilo? Mwanaume hakuwa mvivu wala hakuwa hampendi mwanawe. Alikuwa hajafundishwa.

Nikamwambia, nawa mikono kwa sabuni, vua saa na pete. Akavua. Nikamwambia, msogelee mtoto na umsemeshe, aisikie sauti yako kabla mikono haijamgusa. Kiganja kimoja kipenyeze chini ya kichwa na shingo, vidole vimetanuka. Kingine chini ya makalio. Usinyanyue bado. Inama wewe mpaka kifua chako kimkaribie, umlaze kwenye kifua hicho, ndipo usimame, na usimame kwa nguvu ya magoti, kiuno kisifanye kazi ya magoti. Akafanya. Nikamwambia mrudishe chini, halafu mnyanyue tena. Akarudia mpaka mabega yake yakalegea. Walipokuja kwa chanjo ya wiki ya 10, mtoto alikuwa begani kwa baba, na mama anatembea mikono mitupu.

Mikao ya kumshika ni mingi, na mzuri ni ule ambao wewe na mtoto mmestarehe. Unaweza kumpakata kichwa kikiwa kwenye kiwiko chako na mkono wako ukifuata mgongo mpaka makalio. Unaweza kumweka begani baada ya kunyonya ili abeue, kiganja kimoja nyuma ya shingo. Katika mikao yote angalia mambo yale yale: shingo imeshikwa, pua na mdomo viko wazi, uso unauona. Ukimfunika khanga kwenye daladala ili vumbi lisimfikie, fungua umtazame mara kwa mara.

Kumlaza nako kunafundishwa. Makalio yatangulie kufika kitandani, mgongo ufuate, kichwa mwisho, na mkono ulioshika kichwa utoke polepole. Si mnawajua watoto wanaoshtuka wakilazwa? Mikono inatanda, vidole vinafunguka, halafu kilio. Nimesikia watu wakisema "kaona kitu". Wengine wanasema ni degedege. Bibi zangu, ule ni mshtuko ambao mtoto mwenye afya anazaliwa nao. Kichwa kikihisi kinaporomoka, mwili unajibu hivyo. Hupotea wenyewe kadiri shingo inavyokaza, kabla ya nusu mwaka. Degedege ni kitu kingine. Inakuja bila mtoto kuguswa, mkono au mguu unarukaruka, na hata ukiushika taratibu hauachi. Ukiona hiyo, usisubiri kuche, mlete.

Na akiwa amelala, alale chali. Huko Uingereza mwaka 1991 wazazi walianza kuhimizwa kitaifa kuwalaza watoto chali badala ya kifudifudi, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Chali, mchana na usiku. Na ukihisi usingizi unakuchukua huku umempakata kwenye kochi, mlaze kwanza yeye. Kochi lina mianya, na mtoto akiteleza kati yako na mto, wewe umelala, nani atajua?

Sasa kupokezana. Siku ya arobaini mtoto anapita mikono ya ukoo mzima. Sikatazi, ni furaha yetu. Lakini mtazame pale anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Anayempa anadhani mwenzake ameshashika, anayepokea anadhani mwenzake hajaachia. Tuweke desturi. Anayepokea aanze kushika kichwa. Anayetoa aulize, "Umemshika?" Mwenzake ajibu, "Nimemshika." Asipojibu, usiachie. Hata kama ni mama mkwe wako. Muulize kwa adabu, "Mama, umemshika?", na ungoje jibu. Na yeyote mwenye mafua, au kidonda mdomoni, ampende mtoto kwa mbali siku hiyo, wala asimbusu. Vidonda vidogo vya mdomoni ambavyo kwako ni usumbufu tu vinaweza kumuua kichanga.

Bibi zangu, sasa nakuja kwenu, na nakuja kwa heshima, kwa sababu mengi mema ya kulea tumeyapata kwenu. Mbeleko ni neema. Madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi wameandika kwamba nyonga zilizoteguka tangu utotoni ni nadra sana kule, na wanaona kubebwa mgongoni kuna mchango. Mtoto aliyebebwa vizuri mgongoni mapaja yanamzunguka mbebaji, magoti yamepanda juu kidogo ya makalio, na kichwa cha mfupa wa paja kinakaa barabara ndani ya nyonga. Wajapani walikuwa na desturi ya kuwafunga vichanga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja. Nyonga zilizoteguka zilikuwa nyingi. Miaka ya 1970 wakaanza kampeni ya kuwaambia mabibi na wakunga waiache miguu ya mtoto ijikunje yenyewe, na tatizo likashuka sana. Mabibi wa Japani walisikia. Na ninyi naomba mnisikie: tunapowafunga watoto wetu miguu iwe imenyooka kabisa ili wasiwe na matege, hatuyazuii matege, na tunaihatarisha nyonga. Mfunge kifua na mikono ukipenda apate joto, lakini chini ya kiuno pawe palegevu, magoti yajikunje.

Jambo la pili kwenu, bibi zangu, ni kule kumnyoosha baada ya kuoga. Kumpaka mafuta na kumkanda taratibu, endeleeni. Lakini kumning'iniza kwa miguu kichwa kikiwa chini, kumwinua kwa mikono miwili ili "akomae", kumrusha juu na kumdaka, hayo tuyaache. Shingo tumeshaisema. Na mikono yake, hata baada ya shingo kukaza, hata akiwa na mwaka au miaka mitatu, usimvute kwa mkono mmoja kumpandisha ngazi au kumtoa barabarani. Kiwiko cha mtoto kinateguka kwa mvuto ambao mtu mzima hausikii. Mnyanyue kwa kumshika chini ya makwapa.

Kuhusu mbeleko yenyewe: kichanga ambaye shingo haijakaza nafasi yake ni mbele, kifuani, unapomwona. Mgongoni huwezi kuuona uso wake. Akishafika umri wa mgongoni, pua iwe upande, isizame kwenye nguo, na ukitaka kuokota kitu, chuchumaa, usiiname. Ukifika jikoni, mshushe. Mafuta ya chapati, uji unaochemka, chungu cha maharage, hivyo havichanganyikani na mtoto aliye mkononi wala mgongoni.

Sasa kifua. Hapa nataka akina baba mnisikilize tena.

Mwaka 1978, Bogotá, Colombia, daktari mmoja aitwaye Edgar Rey alikuwa na wodi iliyojaa watoto njiti na mashine za joto zisizotosha. Mashine moja ililaza zaidi ya mtoto mmoja, na watoto wakaambukizana, wakafa. Akawarudisha watoto kwa mama zao, akawaweka kifuani, ngozi kwa ngozi. Wengi duniani waliiona njia ile kuwa ni ya maskini wasio na mashine. Ni kweli? Miaka mingi baadaye Shirika la Afya Duniani liliongoza utafiti kwenye hospitali 5, za Ghana, India, Malawi, Nigeria, na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili. Watoto waliozaliwa na kilo 1 mpaka chini ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Kundi jingine lilingoja mpaka hali ya mtoto itulie, kama ilivyokuwa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Ndani ya siku 28 za mwanzo, kundi lililongoja lilipoteza asilimia 15.7 ya watoto, na lililowekwa kifuani mapema lilipoteza asilimia 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu haikuwa haki tena kuwangojesha watoto. Mwaka 2022 Shirika hilo likashauri njiti na watoto waliozaliwa na uzito mdogo wawekwe kifuani kwa muda wa saa 8 mpaka saa 24 kila siku.

Saa 8 mpaka 24! Mama gani ataweza peke yake? Anaoga saa ngapi? Anakula saa ngapi? Hapo ndipo kifua cha baba kinapohitajika, na cha bibi, na cha shangazi. Ngozi ya baba ina joto kama ngozi ya mama. Mtoto anavaa nepi, kofia na soksi basi. Anakaa wima katikati ya kifua, kichwa kimegeukia upande, kidevu kimeinuka kidogo, miguu imekunjwa mkao wa chura. Kitambaa kinamshika mpaka chini ya sikio, shati la baba linafungwa juu yake. Baba anaegemea mito, halali kifudifudi wala hasimami kwenda kuchota maji. Nimewaona wanaume wakikaa hivyo kwenye wodi yetu, na watoto wao wakiongeza gramu siku hadi siku. Wenzao waliokuja kutazama walikuwa wakicheka mlangoni. Baada ya siku chache hawakucheka tena, wakaanza kuuliza maswali.

Nimelihifadhi hili lililo zito zaidi mpaka sasa. Kilio.

Kichanga huanza kulia zaidi kuanzia wiki ya pili hivi. Kilio kinaongezeka, kinafika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha kinapungua mpaka mwezi wa 3 au wa 4. Mara nyingi kinakuja jioni, watu wamechoka. Ameshanyonya, nepi kavu, hana homa, na bado analia. Si kwamba mama ni mbaya. Si kwamba maziwa hayatoshi. Ni umri. Mngejua hili mapema, ni magomvi mangapi ya usiku yangeepukika?

Kuna binti mmoja alikuwa amepanga chumba kimoja, mumewe yuko safari, mtoto wa wiki 5 analia tangu magharibi. Majirani wanagonga ukuta. Aliniambia mwenyewe kwamba alihisi mikono yake inamkaza mtoto. Akafanya nini? Akamlaza chali katikati ya kitanda kilichozungukwa na ukuta na godoro la pili chini, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akampigia dada yake simu. Mtoto aliendelea kulia. Baada ya dakika chache akarudi, mikono imetulia. Yule binti aliomba radhi alipokuwa ananisimulia. Nikamwambia, mwanangu, usiombe radhi, umefanya ambalo ningetaka kila mzazi wa mji huu alifanye.

Kwa sababu mtoto akitikiswa kwa hasira, ubongo wake laini unagonga fuvu mbele na nyuma. Mishipa midogo inachanika, damu inavujia ndani ya kichwa na nyuma ya macho. Sekunde chache zinatosha. Karibu mmoja kati ya wanne wanaotikiswa hivyo hufa, na wengi wanaobaki wanabaki na upofu, kifafa au viungo visivyofanya kazi. Nje huoni hata mchubuko. Kumbembeza taratibu hakumdhuru, msiogope hilo. Nasema kutikisa kwa hasira. Kilio hakijamuua mtoto aliyelazwa mahali salama kwa dakika 10. Mlaze, toka, pumua, ita mtu. Na wewe jirani unayegonga ukuta, badala ya ukuta gonga mlango, useme, "Mama fulani, nipe nimshike kidogo, ukanawe uso." Unaweza? Basi fanya hivyo leo usiku.

Kwa walezi wadogo nina maneno mafupi. Mtoto wa miaka 9 asitembee na kichanga. Akimshika, akae kwenye mkeka, mgongo ukutani, mto chini ya mkono, na mtu mzima awe anasikika. Mfundishe kuita mtoto akilia, na akiita usimgombeze.

Vijana wa bodaboda, hakuna kofia ngumu ya kichanga. Kama kuna bajaji au daladala, mwambieni mama apande hiyo, hata kama mtakosa nauli. Kama kweli hakuna njia nyingine, abebwe mama na mtoto tu, asiongezwe abiria, mwendo wa pole, na kabla hujaondoka shuka utazame ncha za khanga na kitenge ziko wapi. Zikinaswa kwenye gurudumu, mama na mtoto wanavutwa chini pamoja.

Na akianguka? Mchukue kwa namna ile ile, kichwa na shingo kwanza, bila kumkurupua. Kichanga aliyeangukia kichwa aletwe, hata kama amenyamaza baada ya kunyonya. Kimbieni zaidi mkiona anatapika mara kwa mara, analala na haamshiki vizuri, anagoma kunyonya, utosi umetuna akiwa ametulia, anapata degedege, au anatoka damu au majimaji puani au masikioni. Msimkande kichwa kwa maji ya moto, msimpe dawa ya dukani kwanza. Na mkifika kwetu, tuambieni kama ilivyokuwa: alianguka kutoka wapi, saa ngapi, alikuwa kwa nani, alitua na sehemu gani. Dada wa kazi asiogope kusema. Mtoto mkubwa asitishwe ili anyamaze. Mkisema "tumemkuta tu hivi", tunapoteza muda kutafuta homa na malaria wakati damu inavuja kichwani.